Delhi hadi Agra kwa treni na watoto

Dada, umeuliza kama siku moja inatosha kutoka Delhi kwenda Agra na kurudi, ukiwa na watoto wawili na mama mkwe. Inatosha, ila isiwe Ijumaa. Taj Mahal, lile kaburi maarufu mnalokwenda kuliona, hufungwa siku hiyo.

Pandeni Gatimaan Express, stesheni ya Hazrat Nizamuddin, saa mbili na ushei asubuhi. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na kabla ya saa nne mko Agra. Jioni mnarudi nayo. Tiketi kata mapema, zinaisha.

Watoto chini ya miaka 15 hawalipi kiingilio pale Taj. Chakula hakiruhusiwi kabisa: mwanangu alinyang'anywa pakiti ya biskuti getini, akalia mpaka ndani, kwenye kaburi la Mumtaz, mke wa mfalme Shah Jahan aliyeijenga Taj! Walisheni kwanza.

Mchana nendeni ngome ya Agra, bajaji inawafikisha upesi. Huko ndiko Shah Jahan alikofungwa na mwanawe Aurangzeb, akawa analiona kaburi la mkewe kwa mbali, ng'ambo ya kona ya mto. Mama mkwe atapenda hapo, kuna vivuli vya kukaa.