Kipande cha "Smoke on the Water" kinapigwaje, na moshi ule ulitoka wapi?

SWALI: Bendi yetu hupiga hotelini Nyali, na wageni hawakosi kuomba "Smoke on the Water" ya Deep Purple. Kipande cha mwanzo nikikipiga kinatoka kizito, kimevurugika, si kama kwenye rekodi. Nakosea wapi? Na huo moshi ni wa nini?
Mpiga gita, Kisauni

JIBU: Yaelekea unabana nyuzi nene, noti chini na ya tano yake juu. Ritchie Blackmore, mpiga gita wa Deep Purple, amezipindua: kwa sauti, G iko juu, D iko chini yake. Tumia uzi wa D na wa G tu. Zipige zikiwa wazi, yaani bila kubanwa, kisha freti ya 3, kisha ya 5. Rudia wazi, 3, halafu 6 na 5. Malizia wazi, 3, 5, 3, wazi. Kidole kimoja kinatosha kubana nyuzi zote mbili.

Weka piki kando. Piki hugusa uzi mmoja kabla ya mwingine; Blackmore huzinyofoa zote kwa pamoja kwa vidole, ndiyo maana sauti inakatika safi. Nyuzi zilizo wazi zizime kwa kiganja kabla ya noti inayofuata, la sivyo zitaendelea kulia chini yake. Punguza pia mkwaruzo kwenye amplifaya. Uzito unaousikia kwenye rekodi si wa gita peke yake: Jon Lord, mpiga kinanda wa bendi, anapiga noti zilezile kwa kinanda cha Hammond kilichopitishwa kwenye amplifaya ya Marshall. Mpe mpiga kinanda wenu kazi hiyo, aingie baada ya matoazi, gita likiwa limeshatangulia peke yake. Na kwa hewa yetu ya chumvi, futa nyuzi kila ukimaliza. Uzi wenye kutu haushiki sauti, na hapa nyuzi wazi ndizo nguzo.

Sasa moshi. Desemba 1971 bendi ilikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi ndani ya kasino kwa studio iliyo ndani ya gari, mali ya bendi ya Rolling Stones. Tarehe 4, mwanamuziki wa Marekani Frank Zappa akiwa jukwaani humo, mtazamaji alifyatua bastola ya fataki kuelekea dari. Kasino ikateketea, moshi ukatanda juu ya Ziwa Geneva. Siku chache baadaye mpiga besi Roger Glover aliamka usingizini na jina la wimbo mdomoni.

Muziki ulitangulia maneno. Waliurekodi kwenye ukumbi uitwao Pavilion, majirani wakalalamikia kelele, polisi wakaja. Mafundi wa bendi waliizuia milango polisi wasiingie mpaka wimbo ukaisha. Ikabidi wahamie Grand Hotel, tupu na baridi. Albamu, Machine Head, ilitoka Machi 1972.

Mwimbaji Ian Gillan anaimba mambo hayo kwa mpangilio wake: moto, Claude Nobs, mwandaaji wa tamasha la jazi la Montreux, akiokoa vijana, kisha hoteli. Kwa hiyo mwimbaji wenu asibadilishe zamu za beti, maana hoteli ikitangulia moto, kisa hakieleweki.