Acha Vitabu Vichakae

Ukiingia maktaba ya shule ukakuta vitabu vimenyooka rafuni, majalada yanang'aa na hakuna hata ukurasa mmoja uliokunjwa, usimpongeze mkutubi kwanza. Omba daftari la kuazima. Mara nyingi utakuta majina yaleyale machache yanajirudia, na mengi ni ya walimu.

Mimi ni mwalimu niliyekabidhiwa maktaba ya sekondari, na kazi yangu naipima kwa vitabu visivyokuwepo. Rafu yenye mapengo hunifurahisha. Kitabu kikirudi mgongo umelegea na jalada limebandikwa gundi mara ya pili, najua kimefanya kazi. Tatizo la maktaba nyingi za shule ni woga. Tunaogopa vitabu vitapotea, tunaogopa ukaguzi, basi tunavifungia kabatini na ufunguo tunatembea nao. Halafu kwenye kikao tunalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma.

Hili si jambo jipya. S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati kutoka India aliyekuja kuwa mkutubi, alitoa kanuni tano za maktaba mwaka 1931, na ya kwanza ni fupi kuliko zote: vitabu ni vya kutumika. Mbili zinazofuata zinasema kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Kwa anayeshughulika na vijana wa miaka 13 hadi 18, hizo tatu zinatosha kuanzia.

Anza na saa za kufungua. Maktaba nyingi hufunguliwa wakati wa vipindi, wanafunzi wakiwa darasani, na kufungwa mapumziko, yaani wakati pekee walio huru. Geuza. Kama huna mtu wa kukaa mlangoni, wapo wanafunzi watakaofurahi kupewa mhuri na daftari. Kijana aliyekabidhiwa mhuri huja na rafiki zake, na rafiki zake hawaondoki mikono mitupu.

Jambo la pili: usiifanye maktaba kuwa mahali pa adhabu. Mwanafunzi kachelewa, "nenda ukakae maktaba." Kapiga kelele darasani, "nenda ukanakili kurasa mbili." Ukishafanya hivyo, hakuna bango lenye rangi nzuri litakaloondoa ladha hiyo.

Faini nazo zina ubaya wake. Kijana anayedaiwa hufanya jambo jepesi kabisa, haji tena. Kitabu anabaki nacho, nawe umepoteza kitabu na msomaji kwa mpigo. Maktaba ya umma ya jiji la Chicago ilifuta faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019, na vitabu vilivyokuwa vimekaa nje vikaanza kurudi kwa wingi. Shuleni huhitaji hata mfumo. Muulize tu kwa upole kitabu kiko wapi, na kama kimepotea kweli, zungumza naye juu ya namna ya kukifidia. Vichache vitapotea. Hiyo ni gharama ya kuendesha maktaba, kama taa na ufagio.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa vitabu, maana hapo ndipo walimu tunapovutana zaidi. Alikuwepo kijana mmoja aliyekuja kila siku kukaa tu, kwa sababu marafiki zake walikuwa ndani. Hagusi kitu. Siku moja nikamwona ameinama kwenye rafu ya michezo. Ile yenye namba 796, kwa wanaofuata mpango wa Melvil Dewey wa mwaka 1876 wa kupanga vitabu kwa namba za mada, na nakuhakikishia ndiyo namba pekee ambayo wavulana wangu wengi wanaijua kwa kichwa. Akachomoa wasifu wa mchezaji mpira, kitabu chembamba chenye picha nyingi. Alipokirudisha aliniuliza, "Mwalimu, kuna kingine kama hiki?"

Swali hilo ndilo ninalolisubiri kutoka kwa kila mwanafunzi, na jibu lake linataka uangalifu. Ukimpa hapo hapo riwaya nzito kutoka zile kumi bora za fasihi ya dunia, umemfukuza. Nilimpa wasifu wa mwanariadha, kisha hadithi ya kubuni juu ya timu, kisha riwaya ambayo mpira umo kidogo tu na mambo ya nyumbani yamejaa. Baada ya hapo akawa anajichagulia mwenyewe. Wapo watakaoanzia katuni, wengine mapenzi, wengine hadithi za kutisha zenye damu jaladani. Waache. Mwalimu mwenzangu aliwahi kuniambia kwamba hizo ni takataka. Nilimjibu kwamba anayesoma kurasa mia mbili za mapenzi kwa usiku mmoja amefanya mazoezi mengi ya kusoma kuliko aliyelazimishwa kurasa tano za kitabu bora akasinzia kwenye ukurasa wa pili. Hatukukubaliana mpaka leo, ila anawaleta wanafunzi wake.

Tafadhali pia usidai ufupisho wa kila kitabu. Hiyo ni kazi ya nyumbani iliyovaa nguo nyingine. Na mruhusu mwanafunzi kuacha kitabu njiani. Kwangu kuna utaratibu wa kurasa thelathini: ukifika hapo bado kinakuchosha, rudisha, chukua kingine, hakuna maswali. Sisi watu wazima tunafanya hivyo kila siku bila aibu.

Wanafunzi huaminiana kuliko wanavyotuamini sisi. Kata karatasi ngumu ndogo, waandike maneno machache kuhusu kitabu walichokipenda, uzining'inize rafuni chini ya kitabu chenyewe. Nawapa masharti mawili tu: usitaje mwisho, na usiandike kwamba kitabu kinafundisha. Moja ilisema: "Nilidhani kitanichosha. Subiri mama akifungua barua." Kitabu hicho kilikuwa kimelala miaka. Kwa karatasi hiyo, kikaanza kuwa na foleni. Tahajia zao huniumiza, mimi mwalimu wa lugha, lakini kalamu nyekundu siipeleki pale.

Pia geuza vitabu vichache vionyeshe jalada badala ya mgongo, na ubadilishe kila wiki. Ni kazi ya dakika kumi, na katika haya yote ndiyo yenye faida kubwa kuliko jasho lake. Kufunga vitabu kwa karatasi ili mtu achukue asichokijua kunachekesha mara ya kwanza, mara ya pili kunachosha.

Kuondoa vitabu kunauma, ila ni lazima. Atlasi inayoonyesha Sudani ikiwa nchi moja imepitwa na wakati tangu 2011, na ile yenye Muungano wa Kisovieti tangu 1991. Mwongozo wa kompyuta unaoeleza matumizi ya disketi haumsaidii mtu. Kijana akichomoa viwili vya namna hiyo mfululizo, ataamua kwamba rafu nzima ni ya babu yake. Afadhali rafu nusu yenye uhai.

Kuhusu kelele, tenga sehemu. Upande mmoja watu wazungumze, wabishane juu ya nani muuaji katika hadithi ya upelelezi. Upande wa pili wanaotaka utulivu waupate. Wakati wa mapumziko nasoma kwa sauti dakika chache, kisha nafunga kitabu mahali pabaya kabisa, mlango unapogongwa. Huwa wananizomea. Kitabu kinaondoka kabla kengele haijalia.

Wapo wasiokuja hata ufanye nini, na wengi wao si wavivu. Kusoma kwenyewe kunawawia vigumu, nao wamejifunza kuficha hilo kwa mzaha au kwa jeuri. Hao watafutie vitabu vifupi, maandishi makubwa kidogo, sura za kurasa tatu nne, lakini mambo yaliyomo yawe ya umri wao, wala si ya sungura na fisi. Kama una vitabu vya kusikiliza, waache wafuate maandishi kwa macho huku wakisikiliza. Vitabu hivyo vichanganye na vingine katika rafu zote, bila alama yoyote, maana kijana wa miaka 16 hawezi kusogelea rafu iliyoandikwa "vitabu rahisi" wenzake wakimtazama.