Kabla ya Kamera Kuingia Kizazini, Kubaliana na Daktari

Ukiambiwa kizazi chako kinahitaji kuangaliwa kwa kamera, muulize daktari: ukikuta tatizo, utalitibu palepale au nitarudishwa siku nyingine? Jibu lipate kabla hujatia sahihi.

Mimi nilisafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika. Tangu hapo hedhi ikawa matone tu, na mimba haikushika tena. Altrasaundi haikuonyesha kitu. Histeroskopi, yaani kuangalia ndani ya kizazi kwa kamera, ndiyo iliyofichua makovu yaliyokuwa yameshikanisha kuta za kizazi. Kamera ya unene wa milimita chache hupitishwa ukeni hadi ndani, na maji ya chumvi hutanua nafasi ili daktari aone. Huchanwi popote. Kwa kuwa tulishakubaliana, makovu yalikatwa wakati uleule kwa mkasi mdogo. Polipu, yaani vinyama vinavyoota kwenye utando wa ndani, na uvimbe unaochomoza ndani ya kizazi hutolewa kwa njia hiyohiyo. Uvimbe ulioota upande wa nje ni habari nyingine. Mara nyingi hauzuii mimba, kwa hiyo usikubali kupasuliwa kwa sababu tu umeonekana. Kipimo hiki hupangwa hedhi ikishakatika, kabla yai halijapevuka, maana utando wa ndani unakuwa mwembamba.

Laparoskopi, yaani kuangalia ndani ya tumbo kwa kamera, hufanywa kwa nusu kaputi, kupitia matundu madogo kitovuni na chini ya tumbo. Hiyo huona endometriosisi, yaani tishu kama ya utando wa kizazi iliyoota nje yake, na mirija ya uzazi iliyoshikamana, na rangi ya bluu ikisukumwa kutoka kizazini huonyesha kama mirija imeziba. Mdogo wangu alifanyiwa, na bega lilimuuma kuliko tumbo. Ni gesi ile inayojazwa tumboni, huisha yenyewe. Homa, damu nyingi au maumivu yanayozidi, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na kama mnapanga kupandikiza mimba, zungumzeni mapema kuhusu mrija uliojaa maji. Kuutoa huongeza uwezekano wa kufaulu, lakini ni mwili wako, uamuzi huo usifanywe ukiwa umelala.

Nakusihi pia, mwenzio apimwe mbegu kwanza. Inaniuma kuona dada anaingia chumba cha upasuaji huku mume hajatoa hata sampuli.

Mwisho, omba ripoti na picha zote. Makovu kama yangu huweza kurudi, na nilipoangaliwa tena daktari alilinganisha picha mpya na zile za mwanzo.