Maswali na Majibu: Kupanga Msimu wa Kutazama Kriketi ya Klabu

Kila ratiba za ligi za klabu zinapotolewa, wasomaji wanaopenda kriketi huniletea maswali yanayofanana. Safari hii nimeyakusanya yale yanayohusu mtazamaji mwenyewe: aende lini, akae wapi na atazame nini.

Ratiba ina mechi nyingi kuliko siku nilizo nazo. Nianzie wapi?

Anza kwa kuchagua timu, si mechi. Mtazamaji anayehama uwanja kila wiki akifuata mechi inayosemwa kuwa kubwa ataona wapigaji wengi hodari, lakini hatamfahamu hata mmoja wao. Anayeifuata timu moja atamwona mrushaji yule yule akitawala wiki hii, akiadhibiwa wiki ijayo, kisha akibadilisha urefu wa mirusho yake ili asiadhibiwe tena. Utamu wa kriketi ya klabu, kwa maoni yangu, umo katika mabadiliko hayo, na hayaonekani kwa mtu aliyefika siku moja tu.

Ukishachagua timu, tafuta mpinzani wake wa karibu zaidi kwenye msimamo wa msimu uliopita. Katika ligi nyingi timu hukutana mara mbili, nyumbani na ugenini. Weka alama kwenye mechi zote mbili kabla ya kupanga nyingine yoyote. Siku zinazobaki zitawanye mwanzoni, katikati na mwishoni mwa msimu, kwa sababu pichi, yaani ule ukanda wa mita 20.12 kati ya wiketi mbili (vijiti vitatu vilivyosimamishwa kila mwisho), haibaki ile ile. Pichi yenye unyevu na majani mabichi humsaidia mrushaji wa kasi, kwa kuwa mpira ukitua juu ya mshono wake hukengeuka ghafla. Pichi iliyopigwa na jua na kukanyagwa kwa wiki nyingi hukauka na kuchakaa, na hapo warushaji wa spini, wanaouzungusha mpira ili ugeuke ukitua, na ambao huenda walikuwa wakipewa ova (zamu za kurusha) chache, hugeuka kuwa tegemeo la timu. Anayeona nusu moja tu ya msimu huwahukumu wachezaji hawa bila haki.

Usijaze kalenda yote. Acha nafasi katika wiki za mwisho, kwani ni wakati huo tu ndipo utakapojua mechi zipi zinaamua ubingwa na zipi zinaamua nani atashuka daraja. Mara nyingi hizi za pili huwa na ushindani mkali kuliko zile za kwanza.

Je, ni bora kwenda mechi za ova 20 au za ova 40 na 50?

Piga hesabu ya muda kwanza. Mwendo mzuri wa kurusha ni takribani ova 15 kwa saa, na kila ova ina mipira sita halali. Kwa mwendo huo, mechi ya ova 20 kwa kila upande, pamoja na mapumziko mafupi, humalizika katika muda wa saa tatu hivi. Ile ya ova 40 hukaribia saa sita, na ya ova 50 huzidi saa saba, isipokuwa timu moja itolewe yote mapema. Mechi za ova 20 zilibuniwa kwa ajili ya klabu za kulipwa nchini Uingereza mwaka 2003, kwa lengo la kuwapata watazamaji wasio na siku nzima, na kwa kazi hiyo zinafaa hadi leo.

Hata hivyo, mimi ningeipa mechi ndefu sehemu kubwa ya ratiba. Katika ova za katikati, mpira unapokuwa umepoteza ung'avu na hakuna anayekimbilia kupiga nje ya mpaka, ndipo unapoona nahodha akifikiri: anamsogeza mdakaji hatua chache, anambakisha mrushaji wa spini kwa ova mbili zaidi, anamwachia mpigaji mkimbio mmoja, yaani alama ya kukimbia hadi wiketi ya pili, ili mrushaji amkabili mwenzake aliye dhaifu. Mechi fupi haina subira ya mambo hayo.

Kwa mechi yoyote utakayoichagua, fika kabla ya kura ya sarafu. Kwa mujibu wa sheria za mchezo, kura hiyo hupigwa si mapema zaidi ya dakika 30 na si baada ya dakika 15 kabla ya muda wa kuanza, na uamuzi wa kupiga kwanza au kurusha kwanza ndiyo habari ya kwanza utakayopata kuhusu maoni ya manahodha juu ya pichi.

Nikae wapi ili nione vizuri?

Kaa nyuma ya mrushaji au nyuma ya mlinda wiketi, karibu na mstari unaounganisha wiketi mbili. Ukiwa hapo utaona mpira ukipinda hewani na ukikengeuka baada ya kutua. Ukikaa pembeni utaona urefu wa mrusho na kasi ya miguu ya mpigaji, lakini mwelekeo wa mpira utakupotea kabisa. Njia nzuri ni kubadilisha mahali katikati ya mechi: zamu moja ya kupiga uitazame kutoka nyuma, nyingine kutoka pembeni, ambako mbio kati ya wiketi na urushaji wa wadakaji huonekana vizuri zaidi.

Kuna sharti moja. Usitembee wala kusimama mbele ya ile skrini kubwa iliyo nyuma ya mrushaji wakati ova inaendelea. Imewekwa ili mpigaji auone mpira dhidi ya rangi moja tulivu, na mtu mmoja akipita hapo mchezo husimama. Subiri ova imalizike.

Mvua ikinyesha, mshindi hupatikanaje?

Soma kanuni za mashindano husika kabla ya msimu, kwa sababu ligi hazifanani. Kwenye mechi za kimataifa hutumika mbinu ya Duckworth-Lewis-Stern, ambayo kwa umbo lake la awali ilianza kutumika mwaka 1997 katika mechi kati ya Zimbabwe na Uingereza. Msingi wake ni kwamba timu inayopiga ina akiba mbili, ova zilizobaki na wiketi zilizobaki (idadi ya wapigaji wanaoweza kutolewa kabla zamu haijaisha), na lengo jipya huwekwa kwa kupima akiba zote mbili kwa pamoja. Baadhi ya mashindano ya klabu hutumia wastani wa mikimbio kwa ova tu. Njia hiyo ni nyepesi kukokotoa, lakini humpendelea anayepiga wa pili: anapunguziwa ova huku wiketi zake zote kumi zikiwa salama, hivyo anaweza kuthubutu zaidi.

Kuna faida gani kujifunza kuandika alama?

Kubwa, hasa kwa anayefuata timu moja. Daftari la alama hukulazimisha kutazama kila mpira, na baada ya mechi chache huanza kujibu maswali ambayo kumbukumbu hudanganya: ni nani hutoka mapema akikabiliwa na spini, ni nani hukusanya mikimbio yake baada ya mpira kuchakaa. Andika mpira mmoja mmoja, ukikumbuka kwamba mikimbio inayotokana na mirusho iliyokwenda mbali mno au iliyorushwa kinyume cha sheria huhesabiwa dhidi ya mrushaji, ilhali ile inayopatikana mpira ukimpita mpigaji bila kuguswa, au ukigonga mwili wake, haihesabiwi dhidi yake. Mwishoni mwa zamu, jumla ya mikimbio ya wapigaji pamoja na ya ziada lazima ilingane na jumla ya timu. Isipolingana, waulize waandishi rasmi wa alama, lakini kamwe si katikati ya ova.

Kwa nini waamuzi wa klabu hukataa rufaa nyingi za mguu mbele ya wiketi, yaani madai kwamba mwili wa mpigaji umeuzuia mpira ambao ungeigonga wiketi?

Kwa sababu hawana marudio ya video, na sheria inawataka waridhike na mambo mengi kwa mara moja. Mpira uliotua nje ya wiketi upande wa miguu ya mpigaji hauwezi kumtoa kwa njia hii, hata kama ungeigonga wiketi. Aidha, katika madaraja ya chini wachezaji wa timu inayopiga mara nyingi hupokezana kazi ya mwamuzi, na si rahisi kumnyooshea mwenzako kidole, ishara ya kumtoa. Wewe uliyekaa pembeni huna ushahidi wa kumlaumu.

Timu za pili zinastahili siku yangu?

Ndiyo, siku moja au mbili. Huko utamkuta kijana anayepanda na mkongwe anayeshuka wakichezea upande mmoja.

Ninataka kwenda na mtoto wa miaka sita. Ni salama?

Ni salama mkiketi nje ya mpaka, mkiuelekea mchezo, mbali na nyavu za mazoezi. Mpira wa watu wazima una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, ni mgumu, na hufika mpakani kwa kasi ambayo mtoto aliyeupa mgongo hawezi kuikwepa. Mara ya kwanza mpeleke kwenye mechi ya ova 20, na akichoka ondokeni, hata kama timu yenu bado inapiga.