Supu ya mboga si pipa la taka

Kwa mtu wa Dar es Salaam, supu maana yake ni bakuli la kongoro au utumbo saa mbili asubuhi, chapati mbili pembeni, ndimu na pilipili. Akikaa karibu na feri ataongeza pweza. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomwambia mama yangu nachemsha supu ya mboga, alinyanyua mfuniko, akachungulia maganda ya vitunguu yaliyokuwa yanaelea, akaniuliza, "Mwanangu, nyama umeificha wapi?" Nikamwambia haimo. Akafunika sufuria polepole, akarudi sebuleni bila neno.

Na yeye ndiye aliyekuwa sababu. Mama ana presha, na kliniki walimwambia apunguze chumvi. Mimi nikaondoa kikopo cha chumvi mezani, nikajiona nimemaliza kazi. Jioni moja nasubiri maharage yaive, mkono hauna shughuli, nikasoma nyuma ya pakiti ya vile vidonge vya kuungia mchuzi. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia. Cha kwanza kilikuwa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa kila alichokula tangu chai ya asubuhi. Mimi nilikuwa nadumbukiza vidonge viwili kwenye sufuria moja, kisha naonja, kisha naongeza chumvi ya mkono.

Ukiviondoa vidonge, chakula kinapooza. Hilo tusidanganyane. Wali unakuwa wali tu, dengu zinakuwa maji na dengu. Lazima kitu kingine kikae pale palipokuwa na kidonge, na kwangu kitu hicho ni supu ya mboga: maji yaliyochemshwa na mboga, yakachujwa, ya kupikia vyakula vingine.

Ushauri niliokutana nao kila mahali ulikuwa uleule: usitupe maganda, yakusanye kwenye friza, yakijaa chemsha. Nikatii. Kwa wiki mbili kopo la aiskrimu la lita 2 lilipokea kila kilichobaki kwenye kibao cha kukatia: maganda ya viazi, moyo wa kabichi, mbegu za hoho, mashina ya mchicha, vikonyo vya bamia, vichwa vya karoti, maganda ya vitunguu yakiwa na vumbi lake la gunia. Jumapili nikayamimina yote, nikajaza maji, nikaacha yatokote saa tatu, kwa sababu kongoro ndivyo linavyopikwa. Jirani wa juu aliteremka kuuliza kama chemba ya maji machafu imeziba. Nilichochuja kilikuwa na rangi ya dimbwi, kichungu, na kinateleza kooni. Nikakimwaga chini ya mgomba.

Baadaye nilielewa kwamba nilikosea mara mbili, na kosa la saa tatu ndilo kubwa. Mfupa na kongoro vinahitaji muda kwa sababu kuna ule ugumu wa kano na ngozi unaoyeyuka taratibu na kuipa supu uzito unaonata mdomoni. Karoti haina kitu hicho. Mboga iliyokatwa vipande vidogo inatoa karibu kila ilicho nacho ndani ya dakika 40 hivi, na ukizidisha sana unaanza kuchemsha uchungu. Siku hizi mimi natega dakika 45 kwenye simu na ikilia nazima, hata kama naona bado "haijakolea".

Kosa la pili ni kulifanya sufuria pipa. Kabichi na ukoo wake wote, yaani koliflawa, brokoli na sukuma wiki, zina salfa ndani yake, na zikikaa motoni muda mrefu hutoa ile harufu ya yai viza iliyomteremsha jirani. Viazi vinamwaga wanga, supu inakuwa na ukungu. Hoho ya kijani inaacha uchungu nyuma ya ulimi, mbegu zake zaidi. Mchicha unaleta ladha ya nyasi. Bamia sina haja ya kueleza. Bitiruti haina ubaya, ila utakula wali wa waridi wiki nzima.

Vingine si suala la ladha. Maganda ya muhogo na majani yake mabichi yana sumu ya sayanidi, hayana nafasi humu. Ganda la kiazi lililogeuka kijani nalo tupa, sumu yake haiishi kwa kuchemshwa. Na chochote kilichoanza kuteleza au kunuka kwenye kapu, usijipe moyo kwamba moto utakisafisha. Kanuni yangu ni nyepesi: kama singekikata nikakila leo, sikichemshi.

Sasa nije kwenye kinachofanya kazi, na hapa nitakaa kidogo, maana yote yako kwenye kitunguu.

Mpishi wa pilau anaijua siri hii tangu zamani, ila haiiti supu. Rangi ya pilau haitoki kwenye bizari, inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia iliyokolea, kinachokaribia kuungua bila kuungua. Ukimwaga maji pale juu, yanageuka rangi papo hapo na nyumba nzima inajua leo ni sikukuu. Mimi nilichofanya ni kuichukua hatua hiyo na kuisimamisha peke yake.

Kwa lita 2 za maji nachukua vitunguu maji vitatu vikubwa, vile vyekundu vya Singida vikipatikana. Kimoja nakikata nusu kwa nusu bila kukimenya, nakiosha, nakilaza uso chini kwenye kikaango kikavu mpaka uso uwe mweusi kabisa, mweusi wa mkaa. Usiogope. Uso ule ndio unaotoa rangi ya chai ya rangi na ladha ya kitu kilichopita motoni. Viwili vingine nakata vidogo, nakaanga kwa vijiko viwili vya mafuta pamoja na karoti mbili za ukubwa wa kawaida, zimekatwa kama ncha ya kidole. Hapa ndipo watu wanapokimbilia kumwaga maji. Subiri. Karoti ianze kushika kahawia pembeni na sufuria ianze kuganda chini kidogo. Ni dakika 12, wakati mwingine 15, na ndizo dakika pekee za kazi halisi katika mapishi yote haya.

Kisha nyanya moja iliyoiva sana, ile ambayo muuzaji anakuongezea bure. Punje tatu za kitunguu saumu, zimepondwa kwa ubapa wa kisu. Kipande cha tangawizi kisichozidi ukucha wa dole gumba. Mashina ya kotmiri, yale ambayo wengi tunayatupa na kubakiza majani. Ladha ya shina ni nzito kuliko ya jani na inavumilia moto. Punje nane za pilipili manga. Karafuu moja, na nasema moja: mbili zinageuza supu kuwa dawa ya jino. Seleri nikiipata naweka bua moja, nisipoipata silii. Chumvi hakuna.

Maji yawe ya baridi, yapande moto pamoja na mboga. Yakianza kuchemka punguza moto mpaka juu patikisike tu, povu moja hapa, jingine kule. Ukiacha itokote kwa fujo mboga zinavurugika na supu inakuwa nzito kama uji mwepesi.

Kuna kiungo kimoja kilichobadilisha kila kitu, nacho ni uyoga mamama. Mbichi ni mzuri, mkavu ni mara tatu yake. Nauchana kwa mkono, nauanika kwenye ungo juani siku mbili mpaka ulie kama karatasi, halafu unakaa kwenye kopo. Konzi moja inatosha lita 2. Uyoga na nyanya vina glutameti kwa asili yake, na hiyo ndiyo ladha ileile ya "mchuzi wa nyama" ambayo vidonge vinaitafuta. Mjapani mmoja, Kikunae Ikeda, aliitenga mwaka 1908 kutoka kwenye supu ya mwani unaoitwa kombu, akaipa jina la umami. Niliposoma hivyo nikakumbuka tuna mwani wetu Unguja, kina mama wa Paje na Jambiani wanaulima tangu miaka ya 1980 mwishoni. Nikaupata mkavu, nikatia konzi nzima. Asubuhi nilikuta sufuria imeganda kama jeli ya watoto. Mwani wetu si kombu. Unanunuliwa nje hasa kwa sababu ya uwezo wake wa kugandisha vitu, na mimi niliuthibitisha kwa gharama ya mtungi wa gesi.

Kuhusu maganda, ili nisieleweke vibaya: bado nayakusanya, ila kwa kuchagua. Ganda kavu la kitunguu linaongeza rangi ya dhahabu, mawili au matatu, yakizidi yanatia uchungu. Maganda ya karoti yaliyosuguliwa vizuri kabla ya kumenywa, sehemu ya kijani ya kitunguu majani, mashina ya kotmiri, miguu ya uyoga. Basi. Hivyo ni nyongeza juu ya mboga halisi, haviwi mboga yenyewe.

Kuchuja natumia chujio la tui. Mama, ambaye kufikia mara ya nne alikuwa ameshaanza kuingia jikoni bila kuitwa, alikamata yale makapi akayakamua kwa nguvu kama machicha ya nazi. Supu ikachafuka yote. Acha ijichuje yenyewe, kisha bonyeza kidogo kwa mgongo wa upawa, basi.

Usiionje ikiwa kavu bila chumvi ukakata tamaa. Kila mtu hukata tamaa hapo. Chota nusu kikombe, tia chumvi ya kushika kwa vidole viwili na tone la ndimu, halafu onja. Kikombe ndicho kitakachokueleza ukweli, na sufuria lote linabaki bila chumvi, uamue baadaye inakwenda kwenye chakula gani. Zaidi ya hapo, ukiwa na friza dogo kama langu, utataka kuirudisha motoni ipungue mpaka robo na kuigandisha kwenye trei ya barafu. Ingekuwa na chumvi, kila kipande kingekuwa kidonge kilekile ulichokikimbia.

Joto la Dar halina huruma, kwa hiyo usiache sufuria juu ya jiko mpaka asubuhi ukisema "imefunikwa". Mimi nalizamisha sufuria kwenye beseni la maji yenye barafu, nakoroga, na ndani ya saa mbili iko kwenye friji. Huko inakaa siku tatu, nne kwa kubana. Kwenye friza miezi mitatu bila shida. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya chombo kwa sababu ikiganda inavimba; nilijaza chupa ya jemu mpaka mdomoni na nikaokota vioo kwenye mifuko ya samaki. Sasa natumia makopo ya aiskrimu, na binti yangu, baada ya kufungua mawili kwa matumaini, ameyaandika yote kwa kalamu nene: SI AISKRIMU. Umeme ukikatika, nafungua nione. Kama bado kuna barafu ndani, naichemsha na kuitumia siku hiyo. Kama imekuwa vuguvugu na sijui tangu lini, inamwagwa.

Je, inaokoa pesa? Kwa gesi, sidhani. Dakika 45 za mtungi ni pesa, na vitunguu vikipanda bei havimwonei mtu huruma. Mimi naipandisha kwenye mkaa unaobaki baada ya kupika chakula cha mchana, ule moto mdogo ambao vinginevyo ungekufa bure, na ndio moto wenyewe inaoupenda.

Neno moja kwa wanaopikia mgonjwa. Hii ilimfaa mama mwenye presha. Mwenye ugonjwa wa figo ni jambo jingine: potasiamu ya mboga inahamia kwenye maji, na maji hayo ndiyo unayompa anywe. Huyo muulize daktari wake kwanza.

Matumizi utayajua mwenyewe. Wali, kikombe kwa kikombe badala ya maji. Mtori usio na nyama, hapo ndipo mama alipoacha kuuliza nyama iko wapi. Uji wa mchele kwa mwenye homa. Maharage ndiyo yenye mtego: nilipoyaanza moja kwa moja na supu hii, saa mbili zikapita bado yanagonga meno kama kokoto, kwa sababu ile nyanya ina asidi na asidi inalifanya ganda la haragwe ligome kulainika. Yachemshe kwa maji matupu mpaka yabonyee kwa vidole. Supu iingie wakati wa kuunga.