Mume anataka Toscana, mke anaogopa vilima: safari ya baiskeli Italia waipangeje?

SWALI: Dada habari za kazi, naomba unisaidie kabla hatujalipia chochote. Mimi na mume wangu tunataka kwenda Italia kwa wiki moja, tuendeshe baiskeli mji kwa mji tukilala njiani. Yeye kaendesha miaka mingi, mimi huwa naendesha wikendi tu na sehemu tambarare. Sasa yeye kang'ang'ania Toscana, mkoa wa vilima, kwasababu ya zile barabara nyeupe za vumbi anazoziona kwenye picha, na kapanga kilomita 80 kila siku. Nikimwambia sitaweza anasema nitazoea njiani. Sitaki kumharibia likizo ila pia sitaki kulia barabarani. Tufanyeje? – Mke wa mwendesha baiskeli

JIBU: Mdogo wangu, usiende kuzoea njiani, maana njiani ndo pabaya pa kuzoea. Siku ya kwanza utajikaza, ya pili makalio yanauma, ya tatu hamsemezani, na hapo hoteli zote zimeshalipiwa huwezi hata kusema tupumzike.

Toscana ni nzuri kweli, simlaumu mumeo. Hizo barabara nyeupe wanaziita strade bianche, na kule Gaiole in Chianti tangu 1997 kuna tukio la Eroica ambapo watu wanapita humo na baiskeli za zamani, njia yake ndefu ina kilomita 209. Lakini eneo hilo la Chianti hakuna tambarare, ni kupanda na kushuka kutwa, ukimaliza kilima unakiona kingine kinakungoja, na kokoto zinafanya tairi la nyuma liteleze pale pale unapokanyaga kwa nguvu. Kwa asiyezoea, kilomita 40 za kule ni nzito kuliko 70 za bondeni, kwahiyo hizo 80 zake kwenye karatasi hazina maana yoyote mpaka aangalie mnapanda mita ngapi kwa siku.

Mimi ningewapeleka bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia, kule ni tambarare. Anzieni Peschiera del Garda, pale mto Mincio unapotoka ziwa Garda, kuna njia ya baiskeli inayofuata maji mpaka Mantova, kama kilomita 45 hivi, sehemu kubwa haina magari kabisa. Njiani mnapita Borghetto, kijiji kidogo chenye vinu vya maji vya zamani, juu yake kuna daraja kubwa la ngome lililoanza kujengwa 1393. Simameni hapo mle, msipite tu. Mantova wenyewe umezungukwa na maziwa pande tatu, na ningelala usiku mbili ili siku ya pili baiskeli zipumzike na nyie mkaone chumba alichochora mchoraji Mantegna kwenye jumba la watawala, kilikamilika 1474, mle ndani kuna dari iliyochorwa kama tundu lililo wazi na watu wanakuchungulia toka juu. Na mle zile tambi zilizojazwa boga, ni tamu kidogo, mwili uliochoka unazipokea vizuri sana.

Kutoka hapo mpaka Ferrara ni karibu kilomita 100 mkifuata mito, igaweni siku mbili mkalale Revere au Ostiglia, miji miwili inayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya Po. Hapa niseme ukweli maana wengi hawaambiwi, njia ya juu ya tuta la mto inaweza kuchosha akili. Hakuna kilima lakini hakuna kivuli pia, tuta limenyooka, mbele unaona mnara wa kanisa na saa nzima mnara uko pale pale hausogei, upepo ukiwa wa mbele ndo basi unakanyaga kana kwamba mnapanda mlima. Muanze mapema asubuhi, kila mtu na chupa mbili za maji, na ukikuta bomba la mjini limeandikwa non potabile, yaani maji hayafai kunywa, usinywe. Julai na Agosti msiende kabisa kule bondeni, joto kali halafu mbu wa kule hawana huruma. Mei, mwanzo wa Juni au Septemba ndo wakati wake.

Ferrara mtapapenda. Mji mzima unaenda kwa baiskeli, bibi kabeba mkate kwenye kikapu, baba kavaa suti na tai yuko juu ya baiskeli, na kuta za zamani zinazouzunguka zina kama kilomita 9, unaweza kuzipita juu au chini yake chini ya miti. Siku inayofuata mwende Comacchio, mji wa mifereji na samaki mkunga wa kuchoma, pembeni kuna mabwawa ya maji chumvi yenye heroe, wale ndege wa pinki wenye miguu mirefu, halafu mmalizie Ravenna kwenye michoro ya vigae ya karne ya 5 na ya 6 na kaburi la mshairi Dante aliyefia pale 1321. Wiki imeisha na hakuna siku mliyovuka kilomita 60.

Sasa suala la mumeo, na hili ndo nataka mlisome pamoja. Anayechoka haraka ndo akae mbele. Watu wengi wanafanya kinyume, mwenye nguvu anatangulia anasubiri juu, anakunywa maji, anapiga picha, mwenzie akifika tu anahema yeye anasema haya twende. Kwahiyo aliyepumzika ni yule ambaye hakuchoka, na aliyechoka hajapumzika hata dakika. Ukikaa mbele wewe mwendo unakuwa wako na yeye anapata nafasi ya kukuona kama uko sawa. Akitaka kujitesa aende peke yake alfajiri kabla hujaamka, arudi mle wote kifungua kinywa, mbona inawezekana tu. Na kama kweli moyo wake uko Toscana basi wewe ukodi baiskeli ya umeme, ya yeye iwe ya kawaida, mtalingana. Kisheria inasaidia mpaka kilomita 25 kwa saa na unapokanyaga tu, sio pikipiki, na usikubali mtu akwambie eti umedanganya.

Nunua kaptula ya baiskeli yenye pedi na usivae chupi ndani, mshono wa chupi ndo unaokwangua ngozi. Uizoee siti kabla ya safari, hata saa mbili kila wikendi. Mizigo kuna kampuni zinaihamisha toka hoteli moja kwenda nyingine, hiyo hela lipeni.

Mambo ya sheria kidogo. Kofia ngumu sio lazima kwa watu wazima ila vaeni. Nje ya mji giza likiingia lazima vesti ya kung'aa na taa, na ndani ya handaki vesti inahitajika hata mchana. Kiwango cha pombe ni gramu 0.5 kwa lita ya damu na mwendesha baiskeli naye yumo, kwahiyo mvinyo usubiri mpaka mfike. Na chakula cha mchana msichelewe, jiko nyingi za miji midogo zinafungwa kama saa nane na nusu na hazifunguliwi mpaka saa moja na nusu jioni, maduka nayo yanafunga mchana. Wekeni ndizi na mkate kwenye begi kila siku.

SWALI: Tukichoka tunaweza kupanda treni na baiskeli zetu? Na Venice tunaweza kuingia nazo? – Msomaji

JIBU: Treni za mkoa ndio, zile zinazoitwa Regionale, tafuta behewa lenye picha ya baiskeli mlangoni. Mbali na tiketi yako unakatia na baiskeli, euro 3.50. Tiketi ya karatasi igongeshe kwenye mashine ya stesheni kabla hujapanda, usipofanya hivyo utapigwa faini hata kama umelipa. Nafasi za baiskeli ni chache, kwahiyo epuka asubuhi ya watu kwenda kazini. Treni za kasi hazichukui baiskeli nzima, mpaka uifungue uitie kwenye begi.

Venice mji wa zamani haiwezekani, huruhusiwi kuendesha wala hata kuisukuma kwa mkono. Ziacheni Mestre, mfunge na kufuli la maana, mvuke kwa treni, ni kama dakika kumi tu.