Barua kwa mwanangu: maua ya kwanza ya mwaka

Mikindani, Mtwara
Mwishoni mwa Machi

Mwanangu Somoe,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila mvua inatuandama, na goti la mama yako siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Umeniambia hapo Leeds, Uingereza, baridi haijaondoka, lakini kila Jumapili unamshika mkono mjukuu wangu mnazunguka bustani ya mtaani kutazama maua. Kwanza yalikuwa yale meupe yanayoinamisha kichwa, snodropu, yaliyotoka tangu Februari. Zikafuata krokasi za zambarau na za njano, na sasa dafodili zimejaa kando ya njia. Mtoto akakuuliza kwa babu maua ya kwanza ya mwaka ni yapi, ukakosa jibu, ukanitupia mimi: "Baba, kwetu maua ya kwanza ni yapi, na mbona mimi sikumbuki kuyaona?"

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na wewe naona unataka kusingizia umbali. Maua umekulia chini yake, mwanangu. Chini yake kabisa, ndiyo maana hukuyaona.

Huko uliko maua ya mwanzo yanatoka ardhini kwa sababu yana kitunguu chake huko chini, chenye akiba ya chakula tangu mwaka uliopita. Yanawahi kuchanua kabla miti mikubwa haijavaa majani ikayazibia mwanga. Huku kwetu mwanga hauna mgombea. Kinachogombewa ni maji. Kwa hiyo wanaoufungua mwaka ni wenye mizizi mirefu au shina linaloweka maji, na hao ni miti. Wala hawaufungui Januari. Wanaufungua wakati wa kipupwe, Juni na Julai, nyasi zikishageuka rangi ya mkeka na watu wa mjini wakishasema kumekauka, hakuna cha kuona.

Mwambie mjukuu wangu ua la kwanza ni la mkorosho.

Najua utacheka. Mkorosho kwako ni ada ya shule, ni gunia, ni foleni ya mnadani. Sasa sikiliza. Ua lake ni dogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, na yanakaa mengi pamoja kwenye kichala, ncha ya tawi. Likifunguka ni jeupe lenye michirizi ya waridi. Baadaye linageuka waridi iliyokolea, karibu na nyekundu. Ukivuta tawi moja utakuta la leo jeupe, la zamani jekundu, yote kwenye kichala kimoja. Harufu yake ni tamu, na asubuhi kabla jua halijapanda unaipata ukiwa barabarani hata shamba hujaliona. Mengi katika kichala ni ya kiume tu. Machache yana pande zote mbili, ya kiume na ya kike, na hayo peke yake ndiyo yanayoweza kuzaa korosho. Nilipokuwa bwana shamba nilikuwa nawasimamisha wakulima wayatafute, na wengi waliokuwa wamerithi mikorosho kwa babu zao walikuwa hawajawahi kuyatazama kwa karibu.

Halafu kuna ubwiri unga. Ni ukungu unaoshambulia majani machanga na maua hayohayo, yakaonekana kama yamemwagiwa unga, yakanyauka bila kuzaa. Ndiyo sababu ya kupuliza salfa, dawa ya kuuzuia. Harufu ya salfa unaikumbuka, sina shaka, maana ilikuwa inaingia mpaka darasani. Ua ambalo salfa ilinunuliwa kwa ajili yake ndilo hulikumbuki! Mkija msimu huo tutatembea mashambani, lakini si asubuhi ya kupuliza. Vumbi lile linawasha macho, na mtoto hajalizoea.

Ndugu wa mkorosho ni mwembe. Hilo si neno la kujazia, kitaalamu ni ukoo mmoja. Nao unatoa vichala wakati huohuo, Julai hadi Agosti, na kila kichala kina maua mamia, pengine zaidi ya elfu, ambayo mwisho wake ni embe mbili tatu, au hakuna. Mengine yote yanaishia uwanjani kwetu, na mama yako anayafagia kila asubuhi huku akiusema mwembe kama mtu. Utaona pia nzi wengi juu yake. Waache. Nzi ndio wanaouchavusha mwembe zaidi ya nyuki, na anayechukia nzi kwenye mwembe asiulize embe Desemba.

Septemba na Oktoba, ukipanda basi kwenda Masasi mpaka Nachingwea, utaona msitu umewaka rangi nyekundu na shaba. Wageni hupiga picha wakidhani ni maua. Ni majani machanga ya miyombo, yanatoka mekundu kabla ya mvua kisha yanakuwa kijani. Wapige tu, ni mazuri.

Kisha mbuyu. Hapa ndipo ninapokusamehe kwa kutokumbuka, maana kosa si lako. Ua la mbuyu ni kubwa, jeupe, linaning'inia kwa kikonyo kirefu, na linafunguka jua likizama. Popo wanalijia usiku, na kesho yake limeshabadilika rangi na kuanguka. Sasa ni mtoto gani wa Mikindani aliyewahi kuachwa akae chini ya mbuyu magharibi? Tuliambiwa kuna wenyewe, na sisi tukawaambia nyinyi. Kwa hiyo mji mzima unaliona ua hilo likiwa limelala chini, la kahawia, linakanyagwa. Mimi tangu nistaafu natoka na tochi mwezi wa kumi na wa kumi na moja, napita njia ya chini ya Boma lile la Wajerumani la 1895, nasimama nasubiri. Petali zinajikunja kwa nyuma mbele ya macho yako kabisa. Harufu yake lakini usitarajie marashi, inaelekea zaidi kwenye uchachu. Popo hawataki marashi. Watu wameanza kunisema, na mama yako anasema wana haki.

Mkrismasi wa Novemba na Desemba sikueleweshi, huo hata kipofu anauona. Asili yake Madagaska, lakini umeshazoea huku kuliko sisi.

Mvua ya kwanza ikinyesha ndipo ardhi nayo inaanza kutoa, na hapo kuna mmoja anayefanana kidogo na hao wa kwenu. Unatoka kwenye kitunguu, ua kabla ya majani: bonge la mviringo, jekundu, lenye nyuzi nyingi, limesimama peke yake kwenye kichaka kilichokuwa kikavu wiki iliyopita. Baadaye unatokea ule unaotambaa, wenye petali nyekundu na njano zilizopinda kwenda juu kama ndimi za moto. Yote miwili ni sumu. Mtoto atazame, asitafune, asichimbe. Na wewe huko uwe macho, kitunguu cha dafodili pia ni sumu na kinafanana na cha mchuzi. Usikiweke jikoni hata kwa dakika moja.

Umeniuliza pia kuhusu chungu cha dafodili ulichokiweka dirishani. Maua yakinyauka kata kikonyo cha ua, majani yaache mpaka yageuke njano yenyewe, kiasi cha wiki sita. Najua yanachukiza kutazama. Lakini ndiyo yanayorudisha chakula kwenye kitunguu, na ukiyakata mapema mwakani utapata majani matupu. Ukikata maua ya kuweka ndani, dafodili ikae na maji yake peke yake kwanza, maana utomvu wake unaharibu maua mengine kwenye chombo kimoja.

Ya nyumbani kwetu unayajua, asumini na mrehani, hayo hayana msimu ilimradi mtu ayamwagie maji ya kuoshea vyombo. Mama yako bado anatunga koja Alhamisi jioni.

Ukiniuliza leo hii, katikati ya mvua, kilichochanua mlangoni ni ufuta. Jirani amepanda mpaka kwenye ukuta wetu. Maua yake ni vikombe vidogo vyeupe vyenye waridi kwa mbali, yanafunguka kuanzia chini kupanda juu, na nyuki anaingia mzima ukabaki kuona miguu. Mbaazi zitafuata, za njano, mvua ikishakatika.

Kuhusu safari, mimi naona Oktoba, kabla mvua haijaanza, ili mjukuu wangu auone mbuyu. Mama yako anapinga habari ya kumtoa mtoto magharibi, hilo niachie mimi. Lakini kama tiketi ya Septemba ina nafuu, chukua hiyo. Ua la mbuyu utalikosa, ila utakuta vichala vya mwisho vya mkorosho na mabibo ya kwanza kwenye mti mmoja. Niandikie mapema, kuna godoro la kununua, na mama yako anataka kujua kama mtoto anakula dagaa.

Baba yako